Unyama: maana za neno hili, na kwa nini peke yake halitoshi

Msikilizaji wetu mmoja wa Ntalikwa, hapa Tabora, alitutumia ujumbe mara tu baada ya taarifa ya habari ya jioni. Tulikuwa tumesoma kwamba mtoto "amefanyiwa unyama" na mtu wa karibu na familia. Msikilizaji akauliza: "Mtoto kafanywa nini hasa? Mimi nimeelewa kapigwa. Mke wangu kaelewa kabakwa. Kijana wetu wa sekondari kafungua kamusi ya Kiingereza, kakuta jambo la mtu kuingiliana na mnyama. Na huyo huyo kijana jana alisema bao la Simba lilikuwa unyama. Sasa tushike lipi?"

Swali hilo ni la haki, na kosa lilikuwa letu. Tulitumia neno zito tukidhani limesema kila kitu, kumbe halikusema kilichotokea. Katika makala haya tunaeleza neno unyama limejengwaje, lina maana zipi, Kiingereza kinalitafsiri vipi, na kwa nini mtu anayekwenda kuripoti tukio anahitaji maneno mengine zaidi ya hilo.

Neno limejengwaje

Mzizi wa neno hili ni wa zamani sana katika lugha za Kibantu. Kiswahili kimeutumia kwa mambo mawili: nyama tunayokula, na mnyama anayetembea. Ukiweka U- mwanzoni, unapata hali. Mtu ana utu, mzee ana uzee, mtoto ana utoto. Kwa mfano huo huo, mnyama ana unyama.

Hapa kwetu U- hiyo ina kazi nyingine pia, nayo ni kutaja nchi ya watu fulani: Unyanyembe, Unyamwezi, Usukuma, Ugogo. Kwa hiyo wale wanaofanya mzaha shuleni kwamba Unyamwezi umetokana na unyama wanakosea. Hayo ni maneno mawili yasiyo na undugu. Wengi hulihusisha jina Unyamwezi na mwezi, yaani upande wa magharibi ambako mwezi mwandamo huonekana.

Neno unyama halina wingi. Tunasema unyama huu, unyama mkubwa, unyama wa kutisha. Matukio yakiwa mengi tunasema vitendo vya unyama au vitendo vya kinyama. Kinyama hueleza namna jambo lilivyofanywa: ameuawa kinyama, amepigwa kinyama. Liko pia neno uhayawani, kutoka hayawani, lenye asili ya Kiarabu. Hilo hutumika zaidi kwa mtu asiye na haya wala adabu, na ni tusi.

Jirani wa karibu wa unyama ni ukatili. Ukatili ni neno pana. Kumnyima mtoto chakula ni ukatili, kumtukana mke kila siku ni ukatili. Unyama tunauweka juu zaidi, kwa jambo linalomfanya msikilizaji ashike kichwa.

Neno hili limeingia hata katika sheria kuu ya nchi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13, inapiga marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema jambo hilo hilo katika ibara yake ya 5. Kwa hiyo kinyama si neno la hasira tu. Ni neno ambalo mwananchi anaweza kusimama nalo mbele ya sheria.

Mnyama mwenyewe hafanyi unyama

Sikiliza tunavyolitumia neno hili utagundua jambo moja. Fisi akiingia zizini usiku akaua mbuzi, hakuna anayesema fisi amefanya unyama. Tunasema fisi ameua mbuzi. Simba akimla ng'ombe, amekula. Lakini mtu akimkata mwenzake mapanga, hapo ndipo neno unyama linapotoka mdomoni.

Si kwamba wanyama ni wapole. Kule Gombe, mkoani Kigoma, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, watafiti waliona kati ya mwaka 1974 na 1978 kundi moja la sokwe likiwashambulia na kuwaua madume wa kundi lililojitenga, mmoja baada ya mwingine. Hata hivyo hatuwezi kumpeleka sokwe mahakamani. Hakufundishwa lililo jema akalikataa.

Kwa hiyo unyama ni shtaka la binadamu peke yake. Maana yake ni kwamba huyu alikuwa na utu, alijua, alikuwa na uchaguzi, kisha akautupa utu wake. Ndiyo maana kinyume cha unyama ni utu. Upole ni kitu kingine.

Hilo pia linajibu wale wanaojitetea kwa kusema "shetani alinipitia" au "nilikuwa kama mnyama, sikujijua". Neno lenyewe linawakatalia, kwa sababu tunalisema kwa aliyekuwa na uwezo wa kutenda vinginevyo.

Mtego wa Kiingereza

Kijana wa msikilizaji wetu hakukosea kusoma kamusi. Kiingereza kina maneno kadhaa yanayokaribia unyama, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni bestiality, linalotokana na neno la Kilatini bestia, yaani mnyama. Zamani Waingereza walilitumia kwa tabia yoyote ya kinyama. Siku hizi maana inayokuja kwanza ni mtu kumwingilia mnyama. Hilo ni kosa la jinai hapa kwetu: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, inaliweka pamoja na makosa ya kinyume cha maumbile, na adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30.

La pili ni beastliness. Hili lina ukali mdogo kuliko linavyosikika. Mwingereza wa zamani aliweza kuiita hata hali ya hewa beastly, akimaanisha mbaya na ya kuudhi, bila kumtaja mnyama yeyote.

La tatu ni brutality. Hili ndilo lililo karibu zaidi na unyama tunaoutangaza katika habari: kupiga, kutesa, kuua bila huruma. Pamoja nalo kuna cruelty, ambalo ni ukatili.

Sasa fikiria mtu anaandika malalamiko kwa Kiingereza kwa shirika au kwa mwajiri, akitaka kusema kijana wake alifanyiwa unyama na walinzi. Akichukua lile neno la kwanza, msomaji ataelewa jambo tofauti kabisa, na huenda malalamiko yakawekwa pembeni. Wanafunzi nao walishike hili kwa ajili ya mtihani: si kila unyama wa Kiswahili ni bestiality ya Kiingereza.

Kwa wasomaji wa Biblia, yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo, sura ya 13, kwa Kiingereza anaitwa beast. Huyo ni mnyama wa maono. Hahusiani na neno la sheria tulilolieleza hapo juu.

Unyama wa vijana

Tukirudi kwenye bao la Simba, kijana yule naye hakukosea. Mtaani, unyama umegeuka kuwa sifa. Simu nzuri ni unyama, pikipiki mpya ni unyama, na mchezaji akipiga chenga watatu Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi utasikia jukwaa zima, "unyama mwingi!" Klabu ya Simba yenyewe mashabiki huiita Mnyama, kwa sababu ya jina lake.

Hili si la kwetu peke yetu. Marekani, mchezaji mwenye nguvu huitwa beast kwa kumsifu, na Marshawn Lynch, mchezaji wa mpira wao wa Kimarekani, alijulikana nchi nzima kwa jina la Beast Mode. Lugha nyingi hugeuza neno la kutisha kuwa la kusifu.

Hatuoni ubaya wa vijana kufurahia mpira kwa neno hili. Ila mahali lina pake. Mzee anayesimulia jinsi jirani yake alivyouawa asikie kijana akijibu "dah, unyama!" kwa sauti ile ile ya mpirani, ataumia. Vijana, tazameni mnaongea na nani.

Binadamu alipohesabiwa kama mali

Sisi tunaoishi Tabora tunakaa juu ya njia ya zamani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa ilipokuwa ikiitwa Kazeh, ikaendelea hadi Ujiji. Burton na Speke walifika mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe lao leo ni makumbusho.

Katika njia hiyo mizigo ilibebwa na watu. Sababu mojawapo ilikuwa mbung'o, waliowaua ng'ombe na punda kwa ugonjwa, hivyo mgongo wa mnyama haukutegemewa. Mpagazi mmoja alibeba kiasi cha kilo 30, na wakati mwingine zaidi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, waliopatana ujira, waliojua njia na waliojivunia kazi yao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi aliheshimiwa nyumbani. Kubeba mzigo hakukumfanya mtu kuwa mnyama.

Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa pamoja, wakipelekwa kuuzwa. Hao hawakupatana chochote. Walipewa bei kama pembe za ndovu walizokuwa wakizibeba. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na huku Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922.

Tofauti ya watu hao wawili waliotembea njia moja inatufundisha maana ya unyama kuliko kamusi. Mzigo ulikuwa uzito ule ule. Lakini mmoja alikuwa mtu mwenye neno lake, na mwingine alinyimwa hata haki ya kusema hapana.

Ukimwita mtu mnyama

Kuna matumizi mengine yanayohitaji tahadhari. Tukikasirika tunasema "yule si mtu, ni mnyama". Tunaelewa hasira hiyo. Lakini sisi wa redio tuna sababu ya kuliogopa neno hilo.

Mwaka 1993 huko Rwanda ilianzishwa redio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki mzuri, ilikuwa na watangazaji wachangamfu, na iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mauaji yalipoanza Aprili 1994, redio hiyo iliendelea kuchochea. Kwa muda wa siku 100 hivi watu wanaokadiriwa kufikia laki nane au zaidi waliuawa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Sisi wa magharibi ya Tanzania hatuhitaji kusimuliwa maana ya wakimbizi. Ulyankulu, ndani ya mkoa wetu, ilipokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972.

Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha, nchini kwetu. Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, akiwemo Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hatia yake ya uchochezi kupitia redio ilibaki. Jaji hakuhitaji kumwona Nahimana akishika panga.

Jambo hili lina sura yake hapa kwetu pia. Katika mikoa ya magharibi na Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, ilhali moshi wa jiko la kuni na kinyesi cha ng'ombe hufanya macho ya yeyote kuwa mekundu. Watu wenye ualbino wamevamiwa na kukatwa viungo, hasa tangu mwaka 2007. Kabla ya panga kulikuwa na maneno: huyu mchawi, yule si mtu kama sisi, yule ni dili. Mtu huondolewa utu kwa mdomo kwanza.

Ndiyo maana tunashauri tuseme "amefanya unyama" kuhusu tendo, na tuache kusema "ni mnyama" kuhusu mtu. Mtu hushtakiwa kwa tendo, na mahakama ndiyo inayomhukumu. Tukishasema fulani si mtu, kumchoma moto sokoni bila kumfikisha polisi kunaonekana ni haki. Hapo nasi tutakuwa tumefanya unyama.

Neno linapoficha

Sasa turudi kwa yule mtoto wa taarifa ya habari. Vyombo vya habari vya Kiswahili vimezoea kusema "kufanyiwa unyama" au "kitendo cha kinyama" pale mtu anapobakwa au kulawitiwa. Tunafanya hivyo kwa kuona haya, na kwa nia njema ya kulinda masikio ya watoto. Lakini ujumbe kutoka Ntalikwa ulituonyesha kwamba nyumba moja ilielewa mambo matatu.

Haya hiyo ina gharama. Mzazi anayesikia "unyama" bila kujua ni nini hajui amwangalie mtoto wake kwa lipi. Na mzazi aliyezoea neno hilo hulibeba hivyo hivyo hadi kituoni. Anafika, anasema "mwanangu kafanyiwa unyama", kisha ananyamaza. Anayeandika maelezo anaweza kuandika shambulio la kawaida. Sheria haina kosa linaloitwa unyama. Makosa yana majina yake:

- Kubaka. Mtoto ni yeyote mwenye umri chini ya miaka 18, na kwa mtoto wa kike hoja ya kwamba "alikubali" haifuti kosa hilo.
- Kulawiti.
- Shambulio la aibu, kwa mfano kumshika mtu sehemu za siri.
- Kujeruhi, au shambulio la kudhuru mwili.
- Ukatili dhidi ya mtoto, kama kumchoma, kumfungia au kumnyima chakula.
- Mauaji, au kujaribu kuua.

Hata kumtesa punda kwa mzigo uliopita kiasi kuna sheria yake, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nayo inataka kitajwe kilichofanywa.

Likitokea, sema na fanya hivi

Kwanza, mfikishe mwathirika kituo cha afya au hospitali haraka. Kwa aliyebakwa au kulawitiwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza, mengine yatafuata.

Pili, msimwogeshe wala kufua nguo alizovaa kabla hajaonwa na mganga. Wekeni nguo hizo kwenye karatasi au kitambaa safi, si kwenye mfuko wa nailoni.

Tatu, ripotini polisi, na mwombe kuonana na Dawati la Jinsia na Watoto pale lilipo. Mtapewa Fomu Namba 3 ya Polisi, maarufu kama PF3, ambayo mganga huijaza.

Nne, semeni wazi: nani, alifanya nini, lini, wapi, na nani aliona au alisikia. Majina ya viungo vya mwili si matusi mbele ya polisi, mganga au hakimu. Maneno ya mtoto yachukueni kama alivyoyasema. Msimfundishe la kusema.

Tano, msiyamalize kifamilia kwa ng'ombe au fedha. Hilo ni kosa la jinai, si ugomvi wa mpaka wa shamba. Mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii wanaweza kusaidia. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni ya bure.

Tunachobadilisha sisi

Kuanzia sasa katika taarifa zetu tutataja kosa kwa jina lake kwanza. Jina la mtoto aliyefanyiwa, wazazi wake na mtaa wake hatutayataja, kwa sababu kuficha mtu ni tofauti na kuficha tendo. Neno unyama tutalitumia baada ya msikilizaji kujua kilichotokea, kama hukumu ya jamii juu ya tendo lililokwisha elezwa.

Kwa msikilizaji wetu wa Ntalikwa: mkeo ndiye aliyeelewa sawasawa. Tulipaswa kulisema wenyewe siku ile ile.